Mubashara Kutoka Darasa la Nne

Haya ninayosimulia ni kweli tupu, kweli iliyochemshwa ikachujwa. Naapa kwa meno yangu yote, yaliyobaki na yaliyotangulia. Pale barazani kwetu, mbele ya duka la kinyozi, tuna sheria: anayekutwa na uongo katikati ya habari anawanywesha wote kahawa. Basi kabla sijafungua mdomo niliwatangulia wenzangu sita waliokaa, nikawaambia, nikikutwa na uongo hata wa ukubwa wa punje ya ulezi, nalipa. Kahawa na kashata, kila mtu.

Mzee Nyundo, aliyekuwa karani wa mahakama mpaka mahakama ilipochoka naye, akakohoa akasema, "Imeandikwa. Endelea."

Ngwali, muuza kahawa, akagonganisha vikombe vyake kwa furaha. Ngwali ni mtu mzima, baba wa watoto wanne, mzaliwa wa hapahapa, na shule kasoma ileile iliyo nyuma ya soko. Huwa hajali nani anasema kweli, mradi mmoja asiseme.

Nchi yenyewe inaitwa Kulekule. Si hapa kwetu. Nalisema hilo mapema asije mtu akajishuku bure. Iko kule, tena si kule kwa karibu, ni kulekule.

*

Katika Kulekule kuna wilaya moja iliyopatwa na msaada. Wafadhili walikuja na kontena, wakashusha mitambo ya televisheni, wakapiga picha na watoto, wakaenda zao. Wilaya ilikuwa imeomba madawati. Lakini madawati hayakuwemo kwenye kontena, na utamwambiaje mgeni aliyekubebea zawadi baharini kwamba ulitaka kitu kingine? Idara ya Elimu ikashukuru, ikaanzisha Televisheni ya Elimu ya Wilaya, kwa kifupi TEWI.

Studio ikawekwa kwenye stoo ya majembe ya Shule ya Msingi Kazamwendo. Majembe yakahamia darasani. Wanafunzi wakahamia nje.

Kabla waya haujaunganishwa, vyeo vilikuwa vimeshaunganishwa vyote. Kulikuwa na Mkurugenzi, na Naibu Mkurugenzi, na Mratibu wa Waya, na Msimamizi wa Kioo, na Kaimu Msimamizi wa Kioo endapo Msimamizi ataumwa macho. Aliyeujua mtambo ndani nje alikuwa mmoja tu, fundi wa kigeni aliyekuja na kontena, naye tiketi yake ya kurudi kwao ilikuwa ya jioni ileile ya uzinduzi.

Siku hiyo Bwana Leopold Mtakuja, Afisa Elimu wa Wilaya, alisimama juani na suti ya vipande vitatu. Jasho lilimtoka kila kipande kwa zamu yake.

"Ndugu wananchi!" akanguruma. "Leo ujinga umepewa taarifa ya kuhama! Chombo hiki ni cha serikali. Serikali haisemi uongo. Kwa hiyo chombo hiki hakisemi uongo. Atakayeona kwenye kioo hiki jambo lisilolingana na macho yake, basi akapimwe macho!"

Waliokaa mbele wakapiga makofi kwa sababu walikuwa wameelewa. Waliokaa nyuma wakapiga kwa sababu waliokaa mbele walikuwa wakigeuka kuangalia nani hapigi.

Ndani ya stoo fundi alikuwa akiweka mambo sawa. Juu ya kioo, pembeni, akabandika neno kwa herufi nyekundu: MUBASHARA. Bwana Mtakuja akachungulia, likampendeza.

"Neno gani hili?"

"Maana yake, mzee, kinachoonekana hapa ndicho kinachotokea sasa hivi."

"Ndicho kinachotokea sasa hivi," Bwana Mtakuja akarudia polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. "Safi sana. Lisiondolewe."

*

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha hesabu, Darasa la Nne. Mwalimu Kabwili, mtu mpole mwenye nywele nyeusi na shati la kuazima, aliwafundisha jedwali la nane. Likaenda vizuri mpaka nane mara sita, arobaini na nane. Ndipo akamnyooshea kidole Siwema.

Siwema alikuwa binti wa fundi cherehani wa pale sokoni, mtoto mwepesi, mwenye pengo lililobaki baada ya jino lake la chonge kung'oka wiki ileile. Hesabu alizipenda kuliko ubwabwa. Alikuwa amemwambia mama yake kwamba akifika Darasa la Tano ataanza kusoma sehemu na desimali, halafu atamkatia vitambaa bila kubakiza hata kipande. Aliposimama, taa ya fundi ikamwingia machoni.

"Nane mara saba, Siwema?"

"Hamsini na nne, mwalimu."

"Siyo," akasema Mwalimu Kabwili, na wote walioona wanasema alitabasamu. "Utarudia."

Siwema akafumba macho, jibu likamjia, akafungua mdomo kusema hamsini na sita. Umeme ukakatika.

Haikuwa hujuma. Nyuma ya jukwaa kuu walikuwa wamechomeka jiko la kupashia moto pilau ya waheshimiwa, na waya wa shule ukashindwa kubeba elimu na pilau kwa pamoja.

Umeme uliporudi, wageni walikuwa wanakula, fundi yuko njiani kuelekea uwanja wa ndege, na watoto wameshatawanyika. Wilaya ikabaki na kipande hicho kimoja kilichorekodiwa, kinachoanza na nane mara moja na kuishia na Siwema kafungua mdomo. Kamera ikafungiwa kwenye kabati la chuma isije ikachakaa kwa kutumiwa. Ufunguo akapewa Mkurugenzi. Mkurugenzi akahamishwa, na ufunguo ukahama naye.

Kila Jumatatu saa nne asubuhi, TEWI ikarusha kipindi kilekile. Na juu yake, pembeni, kwa herufi nyekundu: MUBASHARA. Hakuna aliyejua jinsi ya kuliondoa neno hilo, na hata angekuwepo, nani angethubutu? Kuliondoa ni kukiri kwamba jana lilikuwa uongo.

Kila shule ilipewa televisheni moja. Walimu, kwa kuwa sasa kulikuwa na anayefundisha, wakapangiwa kazi ya kuzilinda zisiibwe.

*

Mwaka ukaisha. Majina ya waliopanda darasa yakabandikwa ukutani, la Siwema halimo. Mama Siwema akafunga cherehani yake, akajitanda khanga, akamshika mtoto mkono mpaka ofisi ya Afisa Elimu. Mtoto akamwacha mlangoni, yeye akaingia.

"Shikamoo mheshimiwa. Mwanangu kafaulu, karatasi zake hizi hapa. Mbona jina lake limebaki Darasa la Nne?"

"Marahaba, mama. Leo siku gani?"

"Jumatatu."

"Saa ngapi?"

"Saa nne na kidogo."

Bwana Mtakuja akawasha televisheni iliyokuwa juu ya kabati. Siwema akatokea, kasimama, pengo lake linaonekana.

"Huyu nani?"

"Mwanangu, lakini..."

"Yuko darasa la ngapi?"

"La nne, mheshimiwa, lakini hiyo ya mwaka jana."

"Nisomee hapo juu pembeni."

Mama Siwema akasoma. "Mubashara."

"Haya. Unataka nimpandishe Darasa la Tano mtoto ambaye sasa hivi, wilaya nzima ikishuhudia, yuko Darasa la Nne? Nimkate vipande?"

"Jamani, baba yangu! Mtoto mwenyewe huyo hapo mlangoni kwako!"

Bwana Mtakuja akanyanyua miwani, akamtazama Siwema mlangoni, akamtazama Siwema kwenye kioo, akapiga meza.

"Basi huyo ni mtoro! Kipindi kinaendelea, yeye yuko ofisini kwangu! Askari, mrudishe darasani!" Halafu sauti ikashuka, ikawa ya mtu mwenye huruma. "Na zaidi ya hayo, mama, si mimi niliyeamua. Msikilize mwalimu wake."

Kwenye kioo Mwalimu Kabwili akasema, "Siyo. Utarudia."

"Umesikia? Utarudia. Amri ya mwalimu, hadharani. Kipindi kinarudiwa, naye anarudia. Sisi nani tumpinge mwalimu?"

Hapo Mzee Nyundo akanikatiza. "Kitu kimoja. Huyo askari alimrudisha kweli?"

"Kweli. Kwa kumshika sikio."

"Inaaminika. Endelea." Na Ngwali akazungusha vikombe tena.

*

Mwaka wa pili likatokea jambo ambalo Wilaya haikuliwekea bajeti. Jino la Siwema likaota.

Kwenye kioo lilikuwa pengo, darasani lilikuwa jino. Kikaitwa kikao cha dharura, wakanywa chai, wakajadili. Mratibu wa Waya akasema jino hilo limeota bila kibali. Msimamizi wa Kioo akashauri ling'olewe kwa gharama za Wilaya, ili mtoto alingane na ukweli wake. Wakapiga kura, likapita, akatumwa mganga wa meno wa wilaya na koleo lake.

Mama Siwema alimkuta mlangoni. Mkononi alikuwa na mkasi, ule mkubwa wa kukatia makoti.

"Karibu, daktari. Atakayemgusa mwanangu jino, mimi nitamshona mdomo. Tena nampiga zigizaga, asifumue hata mjukuu wake."

Daktari akaaga. Kikao kikakaa tena, safari hii na sambusa, kikatoa waraka wa busara: jino linaruhusiwa kubaki, isipokuwa mwanafunzi Siwema asicheke, asipige miayo, wala asifungue mdomo saa za kazi.

Kwa hiyo, wenzangu, nieleweni vizuri. Siwema alikuwa anajua jibu. Kila Jumatatu alinyoosha mkono. Mwalimu mlinzi alimwona. Na hakuruhusiwa kusema, kwa sababu angesema, lingeonekana jino.

Jedwali lenyewe nalo likapata matatizo. Wakaguzi walikuja wakauliza, rasmi, nane mara saba ni ngapi? Wilaya ikatafuta kwenye kipindi, haikukuta. Iliyopo ni hamsini na nne, na mwalimu kasema siyo. Ya kweli haikutangazwa. Na jambo ambalo TEWI haijalitangaza, nani alitangaze? Kwenye mabango ya ukutani wakachapa nane mara sita, arobaini na nane, wakaruka mstari, wakaendelea na nane mara nane. Kwenye mstari ule mtupu wakaandika: *Jibu linasubiri umeme.*

Watoto wa wilaya nzima wakakariri hivyohivyo. Ukiwasikia wakiimba, nane mara tano arobaini, nane mara sita arobaini na nane, halafu wote kwa pamoja kimya, pumzi moja, halafu nane mara nane. Mgeni alidhani wanavuta hewa.

*

Mama Siwema hakulala na jambo. Akasema, neno lililomfunga mwanangu ni la mwalimu, na atakayelifungua ni mwalimu. Mwalimu Kabwili alikuwa ameshastaafu siku nyingi, kichwa kimebaki upara, yuko kijijini kwake analima vitunguu. Mama Siwema akamfuata. Mwalimu aliposikia kisa chote aliacha jembe palepale kwenye tuta.

"Mama! Mimi? Mimi nilimaanisha ajaribu tena! Arudie jibu, siyo darasa! Ningemfungaje mtoto yule? Yule ndiye pekee aliyekuwa akinisikiliza."

Akanawa, akavaa shati, akapanda baiskeli. Jumatatu asubuhi alikuwa mbele ya Bwana Mtakuja, Mama Siwema kando yake, na Siwema nyuma yao, mdomo kaufumba kama alivyoagizwa.

"Mheshimiwa," akasema, "mimi ndiye Mwalimu Kabwili. Nimekuja kueleza neno langu."

Bwana Mtakuja aliwasha televisheni. Mwalimu Kabwili akatokea, nywele nyeusi tii, anaandika nane mara nne.

"Mwalimu Kabwili yuko kazini," Bwana Mtakuja akasema. "Wewe ni nani?"

"Ni mimi huyo, mheshimiwa."

"Kabwili ana nywele."

"Zilikuwepo."

"Zipo! Nazitazama!"

"Mheshimiwa, hata sauti, sikiliza." Na mzee wa watu, palepale mbele ya meza, akaanza kufundisha jedwali la nane, sambamba na yule wa kwenye kioo, neno kwa neno, mkono kwa mkono, mpaka alipofika kwenye "Siyo" akasita. Wa kwenye kioo akamaliza peke yake: "Utarudia."

Bwana Mtakuja alikuwa amesimama. Wanasema uso ulimbadilika, na kwa muda mfupi alionekana kama mtu. Halafu mtu huyo akatoweka.

"Anamwigiza barabara," akasema. "Tapeli aliyefanya mazoezi. Mkamateni."

Kosa lilikuwa kujifanya mtumishi wa umma wakati mtumishi mwenyewe yuko hewani. Hakimu alitaka ushahidi, akawashiwa televisheni. Wakati anaingizwa kwenye gari, Mwalimu Kabwili aligeuka akamtafuta Siwema kwa macho.

"Siwema mwanangu, ningesema 'jaribu tena.' Ulimi tu. Ningesema 'jaribu tena.'"

Siwema hakujibu. Zilikuwa saa za kazi.

Gerezani walikuwa na televisheni. Kila Jumatatu wafungwa walisimama kwa heshima Mwalimu Kabwili anapoingia darasani, na Mwalimu Kabwili alikuwa anasimama nao. Alipotoka akaomba mafao yake ya kustaafu, akajibiwa hajastaafu, anafundisha. Akaomba mshahara basi, akajibiwa mtoro halipwi. Akarudi kwenye vitunguu. Mpaka anakufa alikuwa anafundisha, na baada ya kufa pia. Mjane wake alikwenda kuomba cheti cha kifo, wakamwambia asiwaletee uchuro mtu yuko hewani.

Mzee Nyundo alikuwa amekishika kikombe bila kunywa. Nikamuuliza, "Vipi, kuna uongo hapo?"

"Hakuna," akasema. "Mashtaka ya namna hiyo nimeyaandika kwa mkono wangu. Endelea."

*

Miaka ikaenda kama inavyokwenda mahali ambapo hakuna kinachosogea. Siwema akarefuka, magoti yakawa hayaingii chini ya dawati. Mama yake akamshonea sare ileile kwa kuiongezea vipande ubavuni, mwaka huu kipande, mwaka ujao kipande, mpaka sare ikawa vipande vitupu na ya kwanza haionekani. Alipokuwa mtu mzima akaolewa mtaa wa pili bila ngoma, maana kwa karatasi alikuwa bado mwanafunzi. Akachukua mimba. Barazani watu waliogopa Wilaya itamshtaki. Wilaya ikatazama kioo Jumatatu, ikakuta tumbo hakuna, ikafunga jalada.

Akamzaa Zaituni. Jumatatu alikuwa anamnyonyesha mtoto nje ya dirisha la Darasa la Nne, anaingia kuitika jina, anatoka.

Na bado alikuwa na hamu. Hilo mama yake ndiye aliyelijua. Jioni, saa za kazi zikiisha, Siwema alikuwa anachukua chaki ya kuchorea vitambaa na kuandika ukutani kwao, 56. Mama yake anafuta. Kesho anaandika tena. Hakuwa anataka kazi wala cheti. Alitaka kusimama mbele ya watu walewale, mahali palepale, aseme namba moja, waitikie kwamba ndiyo, halafu akae chini.

*

Sasa sikilizeni mambo yalivyogeuka. Bwana Mtakuja alipandishwa cheo akaenda Wizarani kusambaza TEWI nchi nzima. Akaja Afisa Elimu mpya, mama mmoja msomi, mkimya, asiyependa suti. Jumatatu yake ya kwanza alitembelea Shule ya Kazamwendo, akamkuta mwanamke mzima amekaa kwenye dawati la nyuma, mdomo kaufumba, mkono kaunyoosha.

Akauliza. Akaambiwa. Akakaa chini kwenye kiti cha mtoto, akavua miwani.

Akaagiza kabati la chuma livunjwe. Kamera ikatolewa, ikafutwa vumbi. Wilaya nzima ikaitwa. Yule Afisa akasimama mbele ya watu wote akasema, "Dada Siwema, sisi ndio tuliokosea. Kwa niaba ya Idara, nakuomba radhi." Halafu akauliza yeye mwenyewe, nane mara saba? Siwema akasimama, mama yake akiwa ameketi mbele kabisa, akacheka mpaka jino likaonekana, akasema...

"Simama hapohapo," akasema Mzee Nyundo.

"Nini?"

"Rudi nyuma. Nani aliomba radhi?"

"Afisa Elimu."

"Wa Wilaya?"

"Wa Wilaya."

"Kwa mdomo wake? Hadharani? Bila kuwa amefukuzwa kazi kwanza?"

Baraza likaanza kutikisika. Kinyozi akaacha kichwa cha mteja nusu, akatoka nje kucheka vizuri.

"Ndugu zangu," Mzee Nyundo akasema na kidole juu, kama enzi zake, "huyu tumemkubalia mwalimu kufungwa kwa kujiigiza. Tumemkubalia jino lililoota bila kibali. Tumemkubalia maiti inayofundisha. Hatukusema neno, kwa sababu ni mambo ya kawaida. Lakini afisa kuomba radhi! Babu, umezeeka vibaya. Hata kudanganya siku hizi huwezi. Lipa!"

"Lipa!" wakaitikia wote.

"Nilitaka imalizike vizuri," nikasema.

"Utailipia hiyo. Ilimalizikaje kweli?"

Basi nikawaambia. Hakuja mama yeyote msomi. Alikuja mdogo wake Bwana Mtakuja. Na mambo yaliisha kwa sababu nyepesi kabisa: Zaituni alikua, akafika Darasa la Nne, akaketi dawati la mbele, na asubuhi moja jino lake la chonge likang'oka kwenye muhindi wa kuchoma.

Jumatatu Afisa akapita kukagua. Akatazama kioo, akamtazama Zaituni. Uso uleule wa mama yake, pengo lilelile. Akafurahi sana, akawaita wakuu wa TEWI wote waje waone. "Hatimaye!" akasema. "Picha na mtoto vimelingana!" Siwema akaambiwa anaweza kwenda nyumbani, hahitajiki tena, na asidai cheti maana hakumaliza. Dawati lake la nyuma wakalitoa. Jina lake wakampa mtoto, ili kumbukumbu zisichafuke.

Siku hiyo mwalimu mlinzi alimsimamisha yule Siwema mdogo mbele ya televisheni. Akaulizwa, Siwema, nane mara saba? Mama yake alikuwa bado mlangoni na kifurushi chake. Zaituni alikuwa amelelewa kwenye nyumba yenye namba ukutani. Hakusita hata kidogo. Alisema hamsini na sita, sauti ikafika barabarani.

Kwenye kioo Mwalimu Kabwili akasema, "Siyo. Utarudia."

*

Baraza likapoa. Kinyozi akarudi kwenye kichwa alichokiacha. Mzee Nyundo akaangalia viatu vyake kama mtu aliyeona kitu chini.

"Haya," akasema baadaye, bila sauti ile ya mahakamani. "Lipa, twende zetu."

Nikamwita Ngwali anifanyie hesabu. Akaweka birika chini, akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Mpo saba. Kila mtu vikombe vinane. Nane mara tano, arobaini. Nane mara sita, arobaini na nane. Nane mara saba..."

Akanyamaza. Akavuta pumzi moja. Akainua macho, akautazama waya wa umeme unaopita juu ya paa la kinyozi, akangoja.

"Nane mara saba?" nikamuuliza taratibu.

"Hapo, mzee wangu," Ngwali akasema, "ulikatika."

Hakuna aliyecheka. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, na wenzangu wote walikuwa nalo, niliyaona mashavu yao yametuna. Nikatupa jicho ng'ambo ya barabara, kwenye ofisi ya Idara ya Elimu. Dirisha lilikuwa wazi, na jua bado liko juu, saa za kazi hazijaisha.

Nikaufunga mdomo wangu. Nikatoa vyote vilivyokuwa mfukoni, nikamwekea Ngwali kwenye sinia, nikamwonyesha kwa mkono kwamba chenji nitaichukua umeme utakaporudi.